Wayahudi Walitoka Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Waebrania wa Kale

Ukurasa huu ni wa msomaji anayeyajua majina ya Ibrahimu, Musa na Daudi tangu utotoni, kanisani au madrasa, na sasa anataka kujua historia inasemaje. Majibu yanayaweka maandiko matakatifu kando ya vitu vilivyofukuliwa ardhini. Pale vinapokubaliana tunasema, na pale vinapopishana tunasema pia.

Waebrania, Waisraeli na Wayahudi ni watu walewale?

Ni ukoo mmoja wa historia, ila majina haya ni ya nyakati tofauti. "Mwebrania" ni jina la zamani, na katika Biblia hutumika hasa pale watu hawa wanapozungumza na wageni au wanapotajwa na wageni: Yusufu akiwa Misri, Yona akiwaeleza mabaharia yeye ni nani. "Waisraeli" ni makabila 12 yanayojihesabu kuwa uzao wa Yakobo, aliyepewa jina la Israeli. "Wayahudi" kwa asili ni watu wa Yuda, kabila na baadaye ufalme wa kusini ambao mji wake mkuu ulikuwa Yerusalemu. Ufalme wa kaskazini, ulioitwa Israeli, ulipoangushwa, waliobaki na kumbukumbu za wote walikuwa watu wa Yuda, na jina lao likaenea kwa taifa zima na kwa dini yake.

Kwa hiyo kumwita Ibrahimu Myahudi ni kumvika jina lililokuja karne nyingi baada yake. Waislamu wanaoisoma Sura ya Al-Imran, aya ya 67, wanalifahamu hili: hakuwa Yahudi wala Mkristo.

Jina "Israeli" linaonekana lini kwa mara ya kwanza nje ya Biblia?

Mwaka 1208 KK hivi, Misri. Firauni Merneptah, mwana wa Ramses II, alichongesha jiwe kubwa la graniti jeusi kujisifia vita vyake. Karibu jiwe lote linahusu Walibya aliowapiga. Mwishoni tu, kama nyongeza, kuna mistari michache juu ya Kanaani: Ashkeloni imetekwa, Gezeri imekamatwa, Yanoamu imefutwa, kisha "Israeli imeharibiwa, mbegu yake haipo tena." Jiwe hilo lilifukuliwa na Flinders Petrie huko Thebes mwaka 1896.

Lililowavutia wataalamu ni alama ndogo iliyo mwishoni mwa kila jina. Waandishi wa Misri walikuwa na alama ya kuonyesha kwamba jina ni la mji au nchi, na nyingine ya kuonyesha kwamba ni la watu. Ashkeloni, Gezeri na Yanoamu zina alama ya nchi. Israeli ina mwanamume na mwanamke walioketi, yaani watu. Katika miaka hiyo Israeli ilikuwa kundi linalojulikana hadi Misri, ila bado halina mji mkuu wala mipaka ambayo mwandishi wa Firauni angeona haja ya kuitaja. Na tangazo hilo la kwanza kabisa la kuwepo kwao linasema kwamba wamekwisha!

Na wale "Habiru" wanaotajwa kwenye barua za Misri, si ndio Waebrania?

Usiwe na haraka. Barua za Amarna, vibao vya udongo vilivyopatikana Misri mwaka 1887, ni za karne ya 14 KK. Humo mtawala wa Yerusalemu aitwaye Abdi-Heba anamlilia Firauni kwamba Habiru wanaivamia nchi, na anaomba apelekewe wapiga mishale. Jina linafanana na "Ibri", yaani Mwebrania, na kwa muda mrefu wengi waliamini suala limekwisha hapo. Lakini Habiru wanatajwa pia Syria, Uturuki na Mesopotamia, wengine wakiwa na majina ya lugha zisizohusiana na Kiebrania hata kidogo. Inaelekea lilikuwa jina la hali ya maisha: watoro, askari wa kukodi, watu waliokatana na miji yao. Huenda baadhi ya mababu wa Waisraeli waliitwa hivyo. Kwamba kila Habiru ni Mwebrania, hapana.

Je, Ibrahimu, Isaka na Yakobo waliishi kweli?

Hakuna maandishi ya wakati wao, nje ya Biblia, yanayowataja. Hilo peke yake halishangazi, maana mfugaji anayehama na mifugo yake haachi jiwe la kumbukumbu. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba simulizi zao zina dalili za kuandikwa baadaye sana. Kitabu cha Mwanzo kinamkutanisha Ibrahimu na Wafilisti, ilhali Wafilisti walifika pwani ya Kanaani kwenye karne ya 12 KK, zama za Ramses III.

Hata hivyo simulizi hizo zina jambo ambalo mtu anayejitungia asili ya kujisifia asingelipenda. Mataifa mengi ya kale yalidai kwamba yalichipuka palepale yalipo, au kwamba wafalme wao walishuka kutoka mbinguni. Waebrania walisema babu yao alitoka kwingine, na kwamba mkewe alipofariki ilimlazimu kununua kaburi kwa shekeli 400 za fedha kutoka kwa wenye nchi.

Kutoka Misri kulitokea?

Hapa ndipo mabishano huwa makali, kwa hiyo twende polepole.

Kitabu cha Kutoka kinataja wanaume wapatao 600,000 waliokwenda kwa miguu. Ukiongeza wanawake na watoto, hao ni zaidi ya watu milioni 2. Umati wa namna hiyo ukikaa jangwani miaka 40 lazima uache majivu, vigae na makaburi. Sinai imechimbwa sana, na dalili za umati kama huo wa zama hizo hazijapatikana, hata Kadesh-Barnea wanakosemekana kukaa kwa muda mrefu. Maandishi ya Misri nayo yako kimya.

Upande wa pili, mazingira ya simulizi si ya kubuni. Watu kutoka Kanaani waliishi kwa wingi kwenye delta ya Mto Nile, na kwa kipindi fulani watawala wenye asili hiyo, Wahyksos, waliitawala Misri ya kaskazini kutoka mji wa Avaris. Ramses II alijenga Pi-Ramses jirani na hapo, na Kutoka 1:11 inautaja mji wa Ramesesi. Majina Musa, Hofni na Finehasi ni ya Kimisri, jambo geni kwa kabila lisilowahi kuijua Misri.

Kisha kuna Soleb. Hapo Sudan ya kaskazini limesimama hekalu la Amenhotep III, aliyetawala karne ya 14 KK, na kwenye nguzo zake wameorodheshwa watu na nchi za kigeni. Mojawapo ni "nchi ya Washasu wa Yhw". Washasu walikuwa wafugaji wa kuhamahama wa kusini mwa Kanaani na ng'ambo ya Yordani. Wataalamu wengi wanaona katika herufi hizo jina la Mungu wa Israeli, likiwa huku kwetu Afrika zaidi ya miaka 100 kabla ya jiwe la Merneptah.

Mtazamo ambao mimi naona unabeba ushahidi wote ni huu: kikundi kidogo kilitoka Misri kweli, labda pamoja na ukoo wa Lawi, kikaingia Kanaani na habari za Mungu aliyekiokoa, na habari hizo zikawa za wote waliojiunga nacho. Huwezi kuthibitisha. Lakini taifa zima kujibunia asili ya utumwa bila mtu hata mmoja kuwahi kuwa mtumwa ni jambo gumu zaidi kulielezea.

Kama si umati wa milioni 2, basi vijiji vya Waisraeli vilitoka wapi?

Baada ya vita vya 1967, wanaakiolojia wa Israeli waliipitia kwa miguu nchi ya milima, kati ya Hebroni na bonde la Yezreeli. Walikuta mabaki ya mamia ya vijiji vidogo vilivyoanza ghafla kuanzia mwaka 1200 KK hivi, mahali ambapo kabla yake palikuwa karibu patupu. Vijiji havina ngome, havina ikulu, havina makaburi ya kifahari. Nyumba zina nguzo za mawe na uwanja mdogo wa ndani, mitungi mikubwa ina ukingo mnene shingoni, na mifupa ya nguruwe ni nadra sana, wakati kwenye miji ya Wafilisti kule pwani nguruwe waliliwa kwa wingi.

Vyombo vyao lakini vinaendeleza ufinyanzi wa Kanaani, na lugha yao ni ya Kikanaani, jirani wa karibu wa Kifoinike na Kimoabu. Ndiyo maana wanahistoria wengi leo wanaona kwamba Waisraeli wa kwanza kwa sehemu kubwa walikuwa Wakanaani wenyewe, wafugaji na wakulima waliopanda milimani miji ya mabondeni ilipoporomoka, wakichanganyika na wageni kutoka kusini na pengine Misri. Vita vya Yoshua havipati msaada mkubwa wa jembe la mchimbaji: Hazori uliteketea kweli, lakini mji wa Ai ulikuwa magofu kwa zaidi ya miaka 1,000 kabla yake.

Daudi na Sulemani walikuwepo?

Daudi, ndiyo, kwa kadiri historia inavyoweza kusema ndiyo. Mwaka 1993 kwenye magofu ya Dani, kaskazini mwa Israeli, lilipatikana pande la jiwe lililoandikwa Kiaramu katika karne ya 9 KK. Mfalme wa Washami anajigamba kwamba amemuua mfalme wa Israeli na mfalme wa "Nyumba ya Daudi". Adui hana sababu ya kumbuni babu wa adui yake.

Ukubwa wa ufalme wake ni suala jingine. Yerusalemu ya karne ya 10 KK ulikuwa mji mdogo wa kilimani, na jina la Sulemani halijaonekana kwenye jiwe lolote la wakati wake. Wanaosema himaya yake ilifika mto Frati na wanaosema alikuwa chifu tu wa milimani bado wanazozana, na uchimbaji wa kila mwaka huwapa wote wawili kitu cha kushikilia.

Kuanzia karne ya 9 KK giza linapungua. Jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, linamtaja Omri mfalme wa Israeli, na pia Yahweh, Mungu wa Israeli, kwa jina. Mfalme wa Ashuru anamhesabu Ahabu miongoni mwa maadui zake kwenye vita vya Qarqar, mwaka 853 KK, akiwa na magari ya vita 2,000. Yehu, mfalme mwingine wa Israeli, amechorwa akisujudu mbele ya Shalmaneseri III wa Ashuru.

Waliabudu Mungu mmoja tangu mwanzo?

Manabii wenyewe wanasema hapana, na wanasema kwa hasira. Ardhi inawaunga mkono manabii.

Kuntillet Ajrud ni kituo cha jangwani Sinai kilichotumiwa mwanzoni mwa karne ya 8 KK. Kwenye mitungi yake wasafiri waliandika baraka: "kwa Yahweh wa Samaria na Ashera wake." Maneno yanayokaribiana na hayo yako kwenye kaburi la Khirbet el-Qom, karibu na Hebroni. Ashera alikuwa mungu wa kike wa Wakanaani, na pia jina la mti au nguzo yake ya ibada, kwa hiyo hapa kuna ubishi kama anatajwa mke au kifaa. Kwa vyovyote, aliyeandika hakuona tatizo.

Ngome ya Aradi, upande wa kusini wa Yuda, nayo ilikuwa na hekalu lake dogo ilhali Yerusalemu lilikuwepo Hekalu kubwa. Madhabahu mbili za mawe zilizokuwa mlangoni mwa patakatifu pake zilipimwa masalia yake, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Moja ilifukiziwa ubani uliochanganywa na mafuta ya mnyama. Nyingine ilifukiziwa bangi iliyochanganywa na kinyesi cha mnyama ili iungue polepole. (Wanaotaka kuligeuza jibu hili kuwa utetezi wao mahakamani wasitutaje.)

Mambo yalibadilika kwa hatua. Mfalme Hezekia, kisha Yosia mwaka 622 KK, waliamuru mahali pa juu, yaani madhabahu za vilimani, pabomolewe na sadaka zitolewe Yerusalemu peke yake. Yosia alifanya hivyo baada ya kuhani Hilkia kusema amekikuta kitabu cha Torati ndani ya Hekalu, kitabu ambacho wengi wanaona ni kiini cha Kumbukumbu la Torati. Lakini hata amri "usiwe na miungu mingine ila mimi" inakataza kuabudu wengine. Haisemi kwamba hawapo. Kauli ya wazi, isiyoacha mlango, iko kwenye Isaya 45: "Mimi ni BWANA, wala hapana mwingine." Sura hiyohiyo inamtaja Koreshi mfalme wa Uajemi kwa jina, na hiyo inatupeleka Babeli.

Kwa nini uhamisho wa Babeli unapewa uzito mkubwa hivyo?

Kwa sababu hapo ndipo dini ya nchi moja ilipogeuka kuwa dini inayoweza kubebwa.

Mungu wa kale alikuwa na nchi, mfalme na nyumba. Mwaka 597 KK Nebukadneza alimchukua mfalme kijana Yehoyakini pamoja na wakuu na mafundi. Mwaka 586 KK hivi majeshi yake yalirudi, yakachoma Yerusalemu na Hekalu. Kwa kanuni za zama zile, mungu ambaye nyumba yake imeteketezwa ameshindwa na mungu wa aliyeichoma, na watu wake huhamia kwa mshindi. Moabu, Edomu na Wafilisti walikwisha hivyo. Watu wa Yuda wakasema kinyume: Mungu wetu hakushindwa, yeye ndiye aliyemtuma Nebukadneza, kwa sababu tulivunja agano. Ukikubali sentensi hiyo, umekubali kwamba Mungu wa Yuda anaamuru wafalme wa Babeli, na kutoka hapo hadi "hapana mwingine" si mbali.

Yeremia 52 inataja waliohamishwa kwa jumla ya 4,600. Wengi, hasa wakulima, walibaki nyumbani. Na waliohamishwa hawakuwa wamefungwa minyororo mashambani, kama picha za shule ya Jumapili zinavyoonyesha. Vibao vya stoo ya ikulu ya Babeli, vya mwaka 592 KK, vinaandika mgao wa mafuta kwa Yehoyakini, "mfalme wa nchi ya Yuda", na wanawe watano. Vibao vingine vinatoka kijiji cha mashambani kilichoitwa Al-Yahudu, mji wa Yuda: kodi ya shamba, mkopo wa shayiri, deni la tende. Majina ya wadaiwa yamebeba jina la Yahweh.

Bila Hekalu, yaliyobaki ni yale yanayofanyika popote: kupumzika siku ya Sabato, kutahiri watoto wa kiume, kuchunga chakula, kusali, kusoma. Tohara na Sabato zilikuwepo kabla. Babeli zikawa alama ya nani ni nani. Koreshi alipoiteka Babeli mwaka 539 KK aliruhusu watu waliohamishwa warudi kwao. Silinda yake maarufu ya udongo inazungumzia miungu na miji ya Mesopotamia na haiwataji Wayahudi, lakini sera inalingana na kitabu cha Ezra. Hekalu la pili lilikamilika mwaka 515 KK hivi. Wengi hawakurudi. Jamii ya Wayahudi wa Babeli iliendelea hadi karne ya 20, nchini Iraki.

Kulikuwa na Wayahudi Afrika zamani hizo?

Walikuwepo, na ndio wanaotupa picha ya karibu kuliko wote ya maisha ya kawaida ya Myahudi wa karne ya 5 KK.

Elefantine ni kisiwa katikati ya Nile, mkabala na Aswan. Hapo kilikaa kikosi cha askari Wayahudi na familia zao, wakilinda mpaka wa kusini wa Misri kwa ajili ya wafalme wa Uajemi. Mchanga mkavu umehifadhi karatasi zao za mafunjo, zilizoandikwa Kiaramu. Anania, mtumishi wa hekalu, alimwoa mwaka 449 KK mjakazi wa Kimisri aitwaye Tamet, na mkataba wa ndoa unampa mke haki ya kusimama mbele ya baraza na kumkataa mume, kama mume alivyo na haki ya kumkataa yeye. Miaka 22 baadaye bwana aliyemmiliki alimwandikia Tamet uhuru, yeye na binti yake.

Nimesema mtumishi wa hekalu, kwa maana hapo kisiwani walikuwa na hekalu la Yahu, yaani Yahweh, lenye nguzo za mawe na paa la mwerezi. Kwa Torati ya Yosia hilo ni haramu. Jirani palikuwa na hekalu la Khnum, mungu wa Kimisri mwenye kichwa cha kondoo dume. Mwaka 410 KK makuhani wa Khnum walikubaliana na gavana Vidranga, na askari wakalibomoa hekalu la Yahu hadi msingi. Wazee wa Kiyahudi wakamwandikia gavana wa Yuda, mwaka 407 KK, barua ambayo bado tunayo. Tangu siku hiyo, wanasema, tumevaa magunia na kufunga, wake zetu wamekuwa kama wajane, hatujipaki mafuta wala hatunywi mvinyo. Waliwaandikia pia wana wa Sanbalati, gavana wa Samaria. Jibu lilipokuja lilikuwa la kisiasa kwelikweli: lijengwe palepale, mtoe humo sadaka za unga na ubani. Sadaka za kuteketezwa hazikutajwa, na wazee walielewa.

Orodha ya michango ya jamii hiyohiyo inagawa fedha kwa Yahu, na fungu jingine kwa Anat-Betheli, mungu wa kike. Na katika karatasi zote hizo hakuna hata kipande kimoja cha kitabu cha Torati. Walijua Pasaka, walijua Sabato, waliwapa watoto majina ya Yahu, na kitabu hawakuwa nacho, au hawakukiona cha lazima. Ukitaka kujua Uyahudi ulikuwaje kabla haujawa dini ya kitabu, wasome watu wa Elefantine.

Basi Torati iliandikwa lini?

Mapokeo ya Wayahudi, Wakristo na Waislamu yanaihusisha na Musa. Wasomi wengi wanaona vitabu vitano vimefumwa kutokana na maandishi ya vipindi mbalimbali, na kwamba vilipata umbo tulilonalo baada ya uhamisho, zama za Uajemi. Ezra anaonyeshwa akiisoma hadharani Yerusalemu huku Walawi wakiwafafanulia watu.

Vipande vya zamani zaidi vya maneno yake ni vidogo ajabu. Mwaka 1979 huko Ketef Hinnom, Yerusalemu, katika kaburi la mwishoni mwa zama za ufalme, zilipatikana hirizi mbili za fedha zilizokunjwa kama sigara ndogo. Kuzikunjua bila kuzivunja kulichukua miaka. Ndani yake, kwa mwandiko wa kukwaruza, kuna baraka ya makuhani kutoka Hesabu 6, ileile ambayo makanisa mengi huifungia ibada: "BWANA akubarikie, na kukulinda." Mtu wa Yuda alizikwa nayo karne kadhaa kabla ya magombo ya Bahari ya Chumvi, zile nakala za kale za maandiko zilizopatikana mapangoni.

Makabila kumi yaliyopotea yalikwenda wapi? Je, kabila letu ni mojawapo?

Samaria, mji mkuu wa ufalme wa kaskazini, ilianguka mwaka 722 KK. Sargoni II wa Ashuru anadai alihamisha watu 27,290, na Biblia inataja walikopelekwa: Hala, Habori, mto wa Gozani na miji ya Wamedi. Huko walioana na majirani wakamezwa. Wengine walikimbilia Yuda. Wengine hawakuondoka kabisa. Wasamaria wa leo, mamia machache ya watu, bado huchinja kondoo wa Pasaka kwenye Mlima Gerizimu na wanajiita wana wa Israeli.

Upande wetu wa dunia, mwaka 1904 Moritz Merker, ofisa wa jeshi la Kijerumani Afrika Mashariki, alidai Wamaasai wana asili moja na Waebrania, kwa kuwa mapokeo yao yalimkumbusha Biblia. Wakoloni walipenda nadharia za namna hiyo, maana zilieleza kila walichokiheshimu kwa Mwafrika kuwa kimetoka nje ya Afrika. Kutahiri, kuchunga ng'ombe na kutoa sadaka vimefanywa na mataifa mengi yasiyowahi kukutana. Wanaodai asili hiyo walete zaidi ya hapo.

Waebrania wa kale walikuwa weusi au weupe?

Walikuwa watu wa Mashariki ya Kati. Waashuru waliwachonga watu wa Lakishi, mji wa Yuda, wakihamishwa mwaka 701 KK, ndevu fupi zilizojipinda, wanawake wamefunika vichwa, na sura zao ni za watu unaoweza kuwakuta leo Palestina, Israeli, Lebanoni au Syria. Mgawanyo wa rangi tunaogombania leo ulikuja na biashara ya watumwa na ukoloni.

Sinagogi na marabi vilianza lini?

Sinagogi zilikuwepo kabla ya Yesu. Marabi ndio waliobaki baada ya moto. Mwaka 70 BK Warumi chini ya Tito waliliteketeza Hekalu la pili. Makuhani wakakosa kazi, na Masadukayo, kundi lililoegemea ukuhani, wakapotea pamoja nalo. Walimu wa Torati walikusanyika Yavne, wakiongozwa kwanza na Yohanan ben Zakkai. Maasi ya Wayahudi dhidi ya Warumi chini ya Bar Kokhba, ya 132 hadi 135 BK, yalimaliza matumaini ya kulijenga tena kwa upanga. Mwaka 200 BK hivi Yuda ha-Nasi alikusanya sheria za mdomo katika Mishna, na juu yake zikajengwa Talmudi mbili, yaani mikusanyo ya ufafanuzi wake, ya Palestina na ya Babeli. Uyahudi wa leo ni mtoto wa hao zaidi kuliko wa makuhani wa Sulemani.

Afrika Mashariki ina uhusiano wowote wa kweli na Wayahudi?

Upo, ila ni wa juzi. Mwaka 1903 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alipendekeza Wayahudi waliokuwa wakiuawa Urusi wapewe ardhi. Wenyewe waliita mpango wa Uganda, lakini ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, Kenya ya leo. Wakaguzi walikuja, wakatoa taarifa isiyotia moyo, na mkutano wa Wazayuni, waliotaka Wayahudi wapate nchi yao, ukakataa mwaka 1905. Wenye ardhi hawakuulizwa, kama kawaida ya siku zile.

Na karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya. Semei Kakungulu, kiongozi wa vita wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza kisha akagombana nao, alisoma Biblia mwenyewe, akashika Agano la Kale, na mwaka 1919 akajitahiri pamoja na wanawe. Jamii yake ilipigwa marufuku kuabudu enzi za Idi Amin na ikaendelea. Hawadai damu ya Yakobo. Wanadai Torati, na mwaka 2002 marabi waliokuja kutoka nje walisimamia kuongoka rasmi kwa mamia yao.

Ethiopia ni habari nyingine na ya kale zaidi. Beta Israel waliishi milimani huko kwa karne nyingi wakiishika Torati kwa lugha ya Geez. Mei 1991 zaidi ya 14,000 kati yao walipelekwa Israeli kwa ndege ndani ya siku moja na nusu.

Vitu vilivyotajwa hapa naweza kuviona wapi?

Jiwe la Merneptah liko Cairo. Jiwe la Mesha liko Louvre, Paris, likiwa limeungwa vipande, kwa sababu lilivunjwa muda mfupi baada ya kugunduliwa mwaka 1868. Michoro ya Lakishi, picha ya Yehu akisujudu na silinda ya Koreshi viko British Museum, London, ambako kuingia ni bure. Jiwe la Dani na hirizi za Ketef Hinnom ziko Israel Museum, Yerusalemu. Mkataba wa ndoa ya Tamet na Anania uko Brooklyn Museum, New York. Hekalu la Soleb liko palepale lilipojengwa, ukingoni mwa Nile.